UZI: Mtoto karuhusiwa hospitali, sasa nani anamwangalia? Mimi ni nesi wa kutembelea vichanga majumbani, karibuni maswali

Nesi Mlangoni

Wakuu habari za muda huu. Juzi kuna mtu aliuliza humu eti huyu nesi anayekuja nyumbani baada ya mtoto kutoka wodi ya vichanga anakuja kufanya nini hasa, maana kwake alipima kilo, akaandika, akaondoka. Nimeona nifungue uzi kabisa. Hii ndo kazi yangu, na kabla ya hapo nilikuwa wodini na watoto hao hao, kwa hiyo pande zote mbili nazijua. Ni ndefu, anayetaka fupi apite tu.

Kitu cha kwanza ambacho watu hawakijui, hatari ya kichanga haijagawanyika sawasawa ndani ya mwezi. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba mwaka 2022 watoto milioni 2.3 walifariki kabla ya kufikisha siku 28, na karibu robo tatu ya vifo vya namna hiyo hutokea wiki ya kwanza. Sasa angalia mama anatoka lini hospitali. Aliyejifungua kawaida bila shida anatakiwa akae angalau masaa 24, na wengine hata hayo hawafikishi. Yaani wiki yenyewe ya hatari inamaliziwa nyumbani, na nyumbani hakuna kengele ya kumwita nesi.

Halafu mambo mengi yanabadilika siku hizo hizo. Manjano, yaani ngozi na macho kuwa njano, kwa mtoto aliyetimiza miezi yake hufika kileleni kati ya siku ya 3 na ya 5, kwa njiti inachelewa zaidi ya hapo, kwa hiyo mtoto anaruhusiwa hana dalili yoyote na manjano yanapanda akiwa kwenu. Maziwa nayo ndo yanajaa, matiti yanakuwa mawe, mtoto anashindwa kushika, mama analia, kila mtu anatoa ushauri wake. Ndo maana ratiba ya WHO, ukiacha kuangaliwa ndani ya masaa 24 ya kwanza, inataka mama na mtoto waonwe tena masaa ya 48 mpaka 72, kisha kati ya siku ya 7 na 14, kisha wiki ya 6. Hizo ni za mtoto mzima wa afya. Aliyetoka wodi ya vichanga anahitaji zaidi ya hizo.

Sasa nikija mimi huwa sianzii kwenye mzani. Nanawa mikono, nakaa, kama mtoto kalala nashukuru Mungu maana naweza kuhesabu pumzi dakika nzima bila kelele. Dakika nzima jamani, siyo sekunde 15 mara 4, kichanga anapumua haraka haraka alaf anatulia kidogo alaf anaendelea, ukihesabu kipande utapotea. Ikifika 60 au zaidi nahesabu tena. Ikirudia vile vile hapo siyo mazungumzo tena, tunarudi hospitali.

Baada ya hapo nataka nione mtoto ananyonya kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Hapa ndo watu wanaona nesi kakosa kazi, kakaa tu anaangalia titi. Mimi nasema kama nina nafasi ya kufanya kitu kimoja tu kwenye nyumba, nitafanya hicho. Naangalia mdomo umefunguka vizuri au kashika chuchu peke yake, mdomo wa chini umegeuka nje, kidevu kimegusa titi, ile sehemu nyeusi inaonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Nasikiliza kumeza. Mtoto anayevuta vuta dakika 40 bila kumeza huyo hajala, kachoka tu, na mama atakuambia "ananyonya sana huyu, hashibi". Mama hadanganyi, ndo anavyoona. Mzani utakuja kusema baada ya siku tatu, mimi nataka nijue leo.

Baba Njiti

Nesi ubarikiwe kwa huu uzi. Wa kwetu alizaliwa wiki ya 31, katoka na kilo 1.9 hivi. Kwa kweli siku tuliyoruhusiwa niliogopa kuliko siku aliyozaliwa, kule kulikuwa na mashine inapiga kelele akikosea kupumua, huku nyumbani ni mimi na tochi ya simu usiku mzima naangalia kifua kama kinapanda. Maswali yangu mawili. Kangaruu, ile ya kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi, tunaendelea mpaka lini, na mimi baba inafaa au ni ya mama tu? La pili, nesi wetu kila akija anakazania miadi ya macho, mtoto anaona vizuri kabisa anafuata taa, sasa hospitali yenyewe mbali na foleni kuna ulazima?

Nesi Mlangoni

Baba Njiti hongera, na hiyo ya tochi karibu wazazi wote wa njiti wanaipitia.

Kangaruu baba inakuhusu sana, kifua ni kifua, joto halina jinsia. Inashauriwa masaa 8 mpaka 24 kwa siku, mengi kadiri mnavyoweza, kwa hiyo mama peke yake atachoka, mnapokezana. Mpaka lini, mtoto mwenyewe atawaambia, akikua ataanza kujinyonganyonga, kusukuma, kutoa mikono nje, anaona joto. Hapo mnapunguza, hamkatishi ghafla.

Kuna kitu kuhusu kangaruu kinasahaulika. Ilianza Bogotá, Colombia, mwaka 1978, na Dk. Edgar Rey Sanabria, baadaye akaungana na Dk. Héctor Martínez, wodi imejaa mashine za joto hazitoshi. Lakini mpango wao haukuwa kifua tu. Ulikuwa kifua, maziwa ya mama, na kumruhusu mtoto mapema akiwa na ufuatiliaji wa karibu sana. Sehemu nyingi tumechukua kifua na kuruhusu mapema, ufuatiliaji tumeuacha mlangoni. Mtoto wa kangaruu aliyeruhusiwa bila mtu wa kumfuata hapo mmefanya nusu ya kazi, tena nusu rahisi.

Macho: NENDA. Tena usikose. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati mishipa ya damu nyuma ya jicho inakuwa haijamaliza kukua, na inaweza kuanza kukua vibaya mpaka ikavuta retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ikabanduka. Kwa nje huoni kitu, jicho zuri, linafuata taa kama ulivyosema. Daktari anatia dawa ya kupanua mboni na anaangalia nyuma kabisa. Kipimo cha kwanza kwa wengi ni wiki ya 4 hivi baada ya kuzaliwa, alaf kinarudiwa mpaka mishipa ikamilike. Ikikutwa imefika hatua mbaya inatibiwa ndani ya siku chache, ikipita haurudi nyuma. Huo ndo upofu unaoniuma kuliko wote maana unazuilika, na unakuja kwa sababu ya miadi iliyosahaulika kwenye begi.

kibaraka_wa_data

Mimi niulize kama mlipa kodi. Kwanini nesi apande gari kufuata mtoto mmoja mmoja, si apige simu au vidio kolu, kwa saa moja anaongea na watu kumi. Hii ya kutembelea naona ni ya zamani tu.

Nesi Mlangoni

Ya zamani kweli, haujakosea hahaha. Daktari mmoja Mfaransa, Pierre Budin, alianza kliniki ya kufuatilia vichanga Paris mwaka 1892, baada ya kuona watoto aliowaokoa hospitali wanaenda kufa nyumbani. Ila kudumu kwake kuna sababu.

Simu nazitumia sana na sizidharau. Simu inanisaidia kujua nianze na nani leo. Lakini manjano kwenye vidio yanadanganya, taa ya njano inamfanya kila mtoto awe na manjano na taa nyeupe inayaficha. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi ndo kabisa, lazima uangalie weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo, mchana karibu na dirisha. Na simu haikuonyeshi mama anavyovuta dawa kwenye bomba la kupimia dozi, nitaifikia hiyo.

Kuhusu hela, kuna utafiti wa Dorothy Brooten na wenzake Marekani uliotoka 1986, watoto waliozaliwa wadogo sana, kundi moja walitolewa mapema na nesi bingwa akawafuata nyumbani na kwa simu. Walitoka wastani wa siku 11 mapema, wakiwa na gramu 200 pungufu kuliko wenzao, na hawakupata madhara zaidi, gharama ikashuka. Kitanda cha wodi ya vichanga ni ghali kuliko nauli yangu mkuu. Na sehemu ambayo hospitali iko mbali, madaktari wawili, Abhay na Rani Bang, kule Gadchiroli, India, walifundisha wanawake wa vijijini kuhudumia vichanga nyumbani, mpaka kutibu maambukizi, matokeo yakatoka 1999, vifo vya vichanga vilipungua kwa asilimia 62 ukilinganisha na vijiji ambavyo havikuwa na huduma hiyo. Hao hata manesi hawakuwa. Walikuwa watu wanaofika mlangoni.

Mama Wawili

Ngoja niseme ukweli, mimi nesi akija naona kama askari kaingia. Siku moja kabla nasafisha nyumba mpaka mgongo unauma, na nina mshono! Anaangalia kila kona. Akiniuliza unaendeleaje nasema niko sawa ili aondoke.

Nesi Mlangoni

Mama Wawili asante kwa kusema, wengi wanaficha hilo.

Vyombo vyako vichafu havinihusu kabisa dada yangu, tena nyumba inayong'aa ya mama mwenye kichanga ndo inanitia wasiwasi. Ninachoangalia ni kimoja, mtoto analala wapi. Chali, godoro gumu, hakuna mito wala mablanketi mazito karibu na uso, hakuna anayevuta sigara humo. Basi.

Na hiyo "niko sawa" tunaijua. Chumba kikiwa na ndugu wamejaa hakuna mama atakayesema analia usiku. Mimi huwa nasema naomba unionyeshe mtoto anapolala, tukiingia wawili nauliza tena, na mara nyingi jibu linakuwa jingine. Kuna dodoso la maswali 10 la kupima sonona baada ya kujifungua, linaitwa la Edinburgh, limekuwepo tangu 1987, swali la mwisho ni kuhusu mawazo ya kujidhuru. Hilo siliruki hata kama mama anacheka. Wazazi waliokaa muda mrefu wodi ya vichanga wanabeba mengi, wamezoea kuomba ruhusa kumshika mtoto wao wenyewe, wanafika nyumbani hawaamini kwamba sasa ni wao. Kuna akina mama wananiuliza "naruhusiwa kumbadilisha nepi?" wakiwa sebuleni kwao. Hapo kazi yangu ya siku hiyo ni kukaa na kumwacha afanye kila kitu yeye mimi nikiangalia, mikono mfukoni.

Na mababa pia jamani, muwaulize na wao.

Sista_Wa_Zamu

Mwenzangu nakuunga mkono ila tuseme na upande wetu, nesi mmoja watoto wengi, unamtembelea nani na unamwacha nani? Mimi wangu wengine wako na oksijeni nyumbani, wengine wanalishwa kwa mrija wa puani. Na karatasi za ruhusa zinazokuja zimeandikwa "hali nzuri, arudi kliniki". Hali nzuri ndo nini?

Nesi Mlangoni

Sista hapo umegusa kidonda.

Karatasi ya ruhusa mimi sihitaji kurasa kumi. Nipe uzito wa kuzaliwa na uzito wa siku aliyotoka, nipe anakula nini kiasi gani na kwa njia gani, nipe miadi zake, nipe namba ya simu inayopokelewa ya wodini. Na dawa niandikie MILILITA siyo miligramu tu, maana chupa ya wodini na chupa ya duka la dawa zinaweza kuwa na nguvu tofauti, mama kazoea kuvuta mpaka mstari fulani, kabadilishiwa chupa, anavuta mstari ule ule na dozi imekuwa mara mbili. Ndo maana kila ninapofika namwomba mama avute dawa mbele yangu kwenye bomba. Simwulizi anampa kiasi gani, naomba nione. Tofauti ya majibu hayo mawili imenishangaza zaidi ya mara moja.

Nani kwanza: mimi naanza na aliyetoka juzi kuliko aliyetoka wiki mbili zilizopita, mwenye kilo ndogo, anayenyonya kwa shida, pacha, na mama aliye peke yake. Mtoto wa oksijeni nyumba yake naiona KABLA hajaruhusiwa. Moto, mishumaa, sigara na mtungi haviishi nyumba moja, na hiyo huwezi kugundua siku mtungi umeshafika. Wa mrija wazazi wote wawili wanatakiwa wawe wameshaupima na kuuhakikisha wenyewe wodini tena na tena, kwamba umefika tumboni na siyo kwenye mapafu, na wanajua ukichomoka wafanye nini saa nane usiku. Kama hawajalala wodini hata usiku mmoja wakimhudumia wenyewe, kwangu huyo hajawa tayari kutoka, hata kama kilo zimetimia. Najua vitanda havitoshi. Bado nasema hajawa tayari.

mdogo_mdogo

Nesi kilo! Wangu katoka na 3.1 juzi siku ya 4 kapimwa 2.9 nimelia. Na watu wananiambia nimwanike juani manjano yaishe.

Nesi Mlangoni

Usilie mdogo wangu. Kichanga anapungua siku za mwanzo, maji yanatoka, kinyesi cheusi kinatoka. Mpaka asilimia 10 ya uzito wa kuzaliwa tunafuatilia tu, wako kapungua kama 6 na ushee. Anatakiwa arudi kwenye uzito wake ndani ya wiki mbili hivi, baada ya hapo aongeze gramu 20 mpaka 30 kwa siku. Na apimwe mzani ule ule akiwa uchi, mizani miwili tofauti inaweza kukuliza bure. Wewe hesabu nepi, kuanzia siku ya 5 au 6 zilizolowa ziwe 6 au zaidi kwa siku, kinyesi kiwe kimeshatoka kwenye weusi kimekuwa njano. Anyonye mara 8 mpaka 12 kwa masaa 24, usiku pia. Akilala kupitiliza muamshe, kichanga wa siku 4 anayelala sana siyo mpole, anaweza kuwa hana nguvu.

Jua siyo dawa ya manjano. Utamwunguza au atapata baridi, na kubwa zaidi utachelewa kipimo ukidhani unatibu. Manjano yaliyoanza ndani ya masaa 24 ya kwanza, au yaliyofika viganjani na kwenye nyayo, ni hospitali siku hiyo hiyo. Na yakizidi wiki 2 kwa mtoto aliyetimia, au 3 kwa njiti, apimwe damu, na uangalie rangi ya kinyesi. Kinyesi cheupe kama chokaa na mkojo mweusi huyo njia ya nyongo inaweza kuwa imeziba, na upasuaji wake unafanikiwa vizuri zaidi kabla ya siku 60, kwa hiyo asikuambie mtu "yataisha tu". Nimeona watu wanapoteza wiki nzima kwa neno hilo.

Na wote msisubiri siku yangu ya kuja kama: hanyonyi au kaacha kunyonya alivyokuwa, kapata degedege, anapumua 60 na zaidi au mbavu zinaingia ndani, hajongei mpaka umguse, joto limefika 37.5 au limeshuka chini ya 35.5, kitovu kimekuwa chekundu mpaka kwenye ngozi au kinatoa usaha. Mtoto mdogo baridi ni mbaya kama homa, watu wanaiogopa homa tu. Kitovu kiacheni kikavu, msipake chochote ambacho mhudumu wenu wa afya hajawaambia.

Baba Njiti

Miadi ya macho nimeshapiga simu. La mwisho nesi, jirani ana mtoto wa miezi minne anacheka na kugeuza shingo, wangu miezi minne pia kimya tu. Na chanjo tunampa kwa umri upi?

Nesi Mlangoni

Wako toa wiki 9, maana alitakiwa akae mpaka 40 akatoka 31. Miezi minne ni wiki 17 hivi, toa 9, wewe una mtoto wa wiki 8 kwa upande wa kucheka, shingo na mengine. Mlinganishe na wa wiki 8, na hesabu hiyo itumie mpaka afike miaka miwili. Ila chanjo ni kwa tarehe aliyozaliwa, usitoe kitu. Hapo wengi wanachanganya, wanachelewesha chanjo kwa mtoto anayezihitaji kuliko wote. Muulize pia nesi wako kama kaanzishiwa madini ya chuma, njiti anazaliwa akiba hajaimaliza kuweka.

mpitaji77

Samahani naingilia. Mtoto wa mdogo wangu ana siku 11, wa moto, tumepima kwapani 38.1, tumempunguzia nguo tumepima tena 38. Ananyonya kidogo kidogo. Tunayo dawa ya homa ya matone ya yule mkubwa, tumpe tone ngapi?

Nesi Mlangoni

Usimpe. Kichanga chini ya siku 28 mwenye joto hilo hatibiwi nyumbani, dawa itashusha namba na kilichosababisha kitaendelea ndani, na kunyonya kumeshapungua tayari. Mnyonyesheni njiani, kadi yake mbebe, mkifika mlangoni semeni "siku 11, homa 38, hanyonyi vizuri" wasiwaweke kwenye foleni ya kawaida. Ondokeni sasa hivi, uzi mtaukuta.